Kikwembe Usoni mwa Baba

Uvira, Mulongwe, tarehe 12 Septemba

Kaka yangu mkubwa, Yaya Sévère,

Nakusalimu wewe, mke wako na watoto wote, pamoja na ng'ombe, maana najua usipoulizwa habari za ng'ombe unaona hukusalimiwa. Je, baridi ya huko Mulenge inawaacha mlale? Kikohozi cha mke wako kimepoa? Sisi huku tupo. Baba anakula, anabishana na redio, na akishindwa anaizima.

Simu ninayo, lakini sauti nikikutumia inasikilizwa na nyumba yote, kisha na kanisa lote. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Marcellin, yule muuza viazi, aiweke mkononi mwako. Tafadhali isome peke yako.

Nianze na kazi, kwa kuwa uliuliza, hata kama uliuliza kwa hasira. Chumba changu cha yoga bado kipo mwisho wa avenue yetu, katika ile depo ya zamani ya saruji. Asubuhi wanakuja akina mama wanaobeba mizigo sokoni, mchana wanakuja waendesha moto, hizi pikipiki za abiria, ambao migongo yao imekufa ganzi. Hakuna sanamu, hakuna ubani, hakuna mungu wa mtu. Kuna mikeka kumi na minne, na mimi ninayesema vuta pumzi, inua mkono, shusha mkono. Mambo haya nilijifunza Bujumbura kwa miezi saba, baada ya kuchoka kuwakanda wagonjwa hospitalini waliorudi wiki iliyofuata na maumivu yaleyale. Asiyeamini aje aone, mlango hauna kufuli.

Mto ulipofurika mwaka jana, hatukuweza kukanyaga depo wiki tano nzima. Ndipo nilipowaambia watu wangu wafanye nyumbani, dakika ishirini tu, kabla ya kuwasha mbabula ya makaa. Sukuma viti, tandika mkeka, fanya ulichojifunza, na mwishoni ulale chali, ufunike uso kwa kikwembe sababu ya nzi, utulie mpaka utakapoambiwa kuamka, au mpaka mwili wenyewe uombe. Mwalimu wangu wa Bujumbura aliita huo mkao wa maiti. Mimi nauita pumziko, sina wazimu.

Maji yalipoondoka niliendelea kusisitiza, kwa kuwa mtu anayefanya kwangu mara mbili kwa wiki na nyumbani hafanyi ni sawa na anayekula Jumapili tu. Kila Jumamosi nawauliza mmoja mmoja kama amefanya nyumbani. Wananidanganya bila kupepesa macho. Mama mmoja aliapa amefanya kila siku, na mkeka wake nilikuwa nao mimi tangu Jumatatu.

Aliyefanya kweli alikuwa Baba. Najua huamini. Unakumbuka nilivyokusimulia alivyofika kwangu kutoka Runingu, amejikunja kama mundu. Mbele za watu alisema yoga ni mchezo wa wasiokuwa na shamba. Halafu akanivuta pembeni akaniomba nimfundishe, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, maana mukubwa wa shirika la waumini hawezi kusikika parokiani kwamba anainua miguu juu. Baada ya miezi minne alikwenda misa bila fimbo. Waliomuuliza aliwaambia amepata mizizi fulani.

Wewe na yeye wakati huo mlikuwa na miaka saba bila salamu. Sina haja ya kukukumbusha kaburi la Mama, wewe ukitaka kuimba nyimbo za kanisa lako, yeye akikufukuza mbele ya padri na watu wote. Uliapa hutakanyaga tena alipo mpaka siku ya kumzika. Maneno hayo ulinituma mimi, na mimi nikayafikisha yote bila kupunguza, mjinga niliyekuwa. Tangu siku hiyo kila nilipokupigia kukubembeleza ulinijibu kwamba tuombeane.

Sasa Alhamisi ile ya mwezi wa sita. Unaijua kama ulivyoelezwa, na sehemu kubwa ni kweli. Nilikuwa depo na darasa. Baba alibaki nyumbani, akaona sebule ni ndogo, akatoa viti vyote uani, akatandika mkeka katikati. Alipomaliza mazoezi alilala chali akajifunika uso. Jirani yetu Akimana akaja kuomba chumvi. Akaona viti viko nje, mkeka katikati ya nyumba, mzee amenyooka chini ya kikwembe. Aliita mara tatu, na masikio ya Baba unayajua. Baadaye nilipotaka kumlaumu, Akimana alinijibu kwamba minye siko mwenda wazimu, biti biko inje, mukeka iko chini, weye ungesema nini? Kwetu viti havitolewi hivyo mpaka kuwe na kilio.

Yowe lake lilifika depo. Nilikimbia na nguo za mazoezi, watu wakinishangaa njiani. Nilikuta wanawake watano mlangoni, tayari wamefungua vilemba, mmoja amekwisha kuleta makaa. Hakuna aliyekuwa ameingia, kwa kuwa wa kufunua uso ni mtu wa damu. Wakanipisha, Akimana akanifuata ndani. Nikapiga magoti, Akimana akakupigia simu, nikainama sikioni mwa Baba nikasema neno, Baba akaketi. Akimana alikimbia akatokea dirishani. Mpaka leo kiatu chake kimoja hakijaonekana.

Wewe ukaja. Ulishuka milima kwa mguu, kisha moto, ukaingia kesho yake mchana na watu kumi na mmoja wa kanisa lako na mbao sita mpya za sanduku. Ukamkuta Baba uani anamenya viazi. Ulianguka magotini. Yeye akakuuliza kama umekula. Mimi nilikimbilia jikoni nikalia mpaka bugali ukaungua, na mliula hivyohivyo. Mlikaa pamoja siku tatu. Tangu hapo unampigia kila Jumapili, na Jumapili hizo anavaa shati safi, kana kwamba unamwona.

Habari yako ya ushuhuda imetufikia. Unasimulia kila mahali kwamba Baba alikufa saa tatu nzima, na kwamba yoga ni roho ya mauti iliyomlaza, na kwamba Mungu alimrudisha kwa neno lililotoka kinywani mwangu. Wanawake sita wameacha kuja kwangu. Hilo nililivumilia, nikasema watarudi migongo ikiwauma. Tena nilisikia unataka kuja Noeli umzungushe Baba makanisani watu wamwone. Hilo nalo nililinyamazia.

Lakini Jumanne iliyopita alifika mwanamke kutoka Runingu, anaitwa Consolée. Alikuja kwa moto, na kati yake na dereva alikuwa mama yake, amefungwa kwa vikwembe viwili asidondoke. Mama huyo alikuwa amekufa tangu usiku. Consolée alisimama mlangoni mwa depo, darasa linatazama, akaniomba niiname sikioni mwa mama yake niseme lile neno. Hakuomba kingine. Nilimwambia sina neno. Akadhani nataka zawadi, akaanza kuvua hereni. Nilimshika mikono. Tulimlaza mama yake juu ya mkeka wangu mmoja, tukakaa naye sote kumi na tano mpaka ndugu zake walipopata gari.

Yaya, neno nililomwambia Baba ni hili: geuka upande wa kuume, amka polepole. Ndilo nawaambia wote kila mwisho wa darasa. Baba alikuwa hajafa hata dakika moja. Alikuwa katika pumziko, na usingizi ulimpitia.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo penye kosa langu. Nilikiona kikwembe kikipanda na kushuka kabla magoti yangu hayajafika chini. Ningesema palepale, na wale mama wangecheka wakaenda zao. Akimana akaniuliza kama akupigie, maana maziko hayapangwi bila mtoto wa kwanza. Nilinyamaza. Akauliza mara ya pili. Nikasema piga. Nilikusikia ukilia ndani ya simu yake. Nilikuacha ulie mpaka simu ikakatika, ndipo nikamwamsha Baba. Jioni walipotaka kukutafuta wakukanushie habari, niliwaambia waniachie mimi, nitakupigia mwenyewe. Sikupiga. Nilijua kwa baba aliye hai hutakuja, na kwa baba aliyekufa utakuja, nikachagua.

Siku ile sikujuta hata kidogo. Leo ninajuta, na si kwa ajili yako, maana wewe ulimpata baba yako. Ninajuta kwa Consolée, aliyembeba mama yake njia yote ile kwa sababu ya uongo wangu na mahubiri yako. Nina aibu, Yaya. Sijawahi kuwa na aibu namna hii.

Simama kanisani useme ukweli huu. Useme dada yako Apollinarie ni mwongo, taja na avenue. Sitakukasirikia, na watu wataacha kunitafuta.

Jambo la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Tangu mwezi wa nane miguu ya Baba inavimba. Nimempeleka kwa daktari mara mbili. Amesema moyo umechoka, na siku hakutaja. Iko siku nitakupigia mimi mwenyewe, na siku hiyo utakumbuka barua hii, utasema huyu amenifanyia tena. Ninaogopa utakaa kwanza, utauliza watu, utangoja mwingine akuhakikishie, na njia ni ndefu. Basi usiingoje simu yangu. Njoo sasa, bila mbao, bila watu wa kanisa, mtu akikuuliza unakwenda wapi useme unakwenda kwa baba yako.

Sijamwambia kwamba nilinyamaza. Yeye anajua tu kwamba alilala, akaamka, na kesho yake mtoto wake akaja.

Wape watoto salamu zangu mmoja mmoja kwa majina, na umwambie mke wako kwamba samaki za ndagala alizoniagiza ziko kwa Marcellin, mfuko wa bluu. Mungu awalinde na baridi hiyo.

Mimi mdogo wako,
Apollinarie