Nimeweka Sauti Yangu kwenye Namba ya Marehemu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako maana nimefika mahali hata mazoezi ya kwaya nayakwepa. Mimi ni katibu wa kwaya hapa Mwandiga, nyimbo zikishatoka studio mimi ndiye ninayezipandisha mtandaoni, na miaka mitatu iliyopita nilipandisha wimbo ulioongozwa na rafiki yangu Regina, ambaye mwaka jana alitutoka, Mungu amrehemu, sasa majuzi tukaurekodi upya wimbo uleule nikiongoza mimi, kwenye fomu nikaulizwa namba ya rekodi na barkodi, nikajiambia wimbo si ni uleule, mbona kwenye kitabu chetu cha nyimbo namba 74 ni 74 hata ikiimbwa Ujiji, basi nikaondoa rekodi ya zamani nikaweka mpya kwa namba zilezile, tena nikajisifu kwamba wasikilizaji wetu hawatapotea. Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Regina, ndugu wamekuja mpaka kutoka Ilagala, binti yake Diana akaunganisha simu kwenye spika tumsikie mama yake, ikatoka sauti yangu. Diana akanigeukia, "Mama Bariki, mama yangu umempeleka wapi?" nami kwa aibu nikasema mtandao unasumbua. Mwenyekiti wetu, mzee Telesphory, anasema tunyamaze, rekodi mpya ni nzuri zaidi na watu watazoea, lakini Diana hanisalimii tena, na mimi nilimbeba akiwa mchanga. Nifanye nini?

Winfrida, Mwandiga

Winfrida, pole. Kosa lako linatengenezeka, ila uongo wako umenikera. Mtandao una dhambi zake za kutosha, usiuongezee na yako.

Namba ya kitabuni ni ya wimbo. Namba ya rekodi, ile wanayoiita ISRC, ni ya sauti zilizonaswa siku ile studio, sauti za wale walioimba siku ile. Mkirudi kuuimba tena, hata kwa maneno yaleyale, hiyo ni rekodi nyingine na inadai namba yake. Nawe mtu wa Kigoma unanishangaza! Mapacha wakizaliwa kwenu, si mmoja huitwa Bukuru na mwenzake Butoyi? Nani aliwaita wote Bukuru eti kwa kuwa tumbo ni moja? Barkodi nayo hutambulisha toleo zima, liwe la wimbo mmoja au albamu, kwa hiyo toleo lenu jipya lipewe ya kwake. Siku mkikusanya nyimbo za zamani, albamu itapata barkodi mpya, lakini rekodi ya Regina itaingia humo na namba yake ileile.

Mzee Telesphory mpe shikamoo yake, halafu mwambie hapana. Watu watazoea, sawa, Diana hatazoea.

Iandikie kampuni inayowasambazia nyimbo, waeleze ukweli bila kuzunguka. Rekodi yako iondolewe, ya Regina irudi kwa namba zake, kisha yako ipande upya kama toleo jipya. Usiogope kuanza na wasikilizaji sifuri, hata Regina alianzia hapo.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo nenda kwa fundi wenu wa studio, chukua faili la awali la wimbo ule, ulipeleke mwenyewe kwa Diana. Sema, "Ni mimi, haukuwa mtandao." Akikufokea, pokea. Kisha, kabla hujalituma faili hilo popote, mwekee kwenye simu yake amsikie mama yake.