Mshumaa wa Jumapili

Ijumaa, 6 Oktoba

Baba ameweka nafasi ya meza kwenye mkahawa wa Mirella, Jumapili jioni. Siku ya kuzaliwa ya Mama ni Alhamisi, lakini Jumanne analazwa na Jumatano wanampasua kichwa kuutoa uvimbe. Kwa hiyo Baba kasema tule mapema, sisi wanne, kabla.

Bibi akaweka kijiko chini. Heri ya kuzaliwa haitangulizwi, kasema, hata kwa siku moja. Ukiitanguliza, mwenyewe haioni siku yake. Mfano anao: mjomba wake Bepi. Alikatiwa keki Jumamosi, na kabla ya Jumatatu yake akaanguka gatini, akafa maji.

"Bepi alikuwa amelewa, mama mkwe."

"Alilewa kwenye hiyo keki."

Baba ni Mslovenia wa bara, huko milimani, haya ya Waitaliano wa pwani hayamwingii. Mama ndiye aliyewasuluhisha. Tutakwenda kula samaki tu. Hakuna keki, hakuna heri, hakuna kugonganisha glasi. Wote tukakubali. Mimi niliitikia kwa kichwa. Shuleni pia ndivyo nilivyo — nanyamaza kwa Kitaliano na kwa Kislovenia sawasawa.

Usiku Baba alikuwa bafuni na simu. Alisema Kislovenia cha harakaharaka ili Bibi asikishike. Mimi nilikishika. Daktari kasema huenda Mama asiamke.

Jumapili, 8 Oktoba

Siwezi kulala. Bora niandike.

Kwa Mirella kuna meza sita tu na madirisha yenye mvuke. Mirella mwenyewe ndiye mpishi; yeye na Mama walikaa dawati moja shuleni. Tulianza na kome kwa mvinyo na kitunguu saumu. Halafu ngisi aliyepikwa kwa wino wake, na ugali mweupe. Mkono wa kushoto wa Mama ukaangusha uma, mara mbili. Bibi akavuta sahani ya Mama, akamkatia ngisi vipande vidogovidogo, huku akiongea habari za mvua.

Mama alikuwa na meno meusi kwa ule wino. Sote tulikuwa nayo.

"Jumanne wananinyoa," kasema. "Utaniona laini kama ganda la kome."

"Kome ana ndevu, zile za nyuzi," Baba kamjibu.

"Basi hapo nimemzidi."

Hata Bibi alicheka. Nikafikiri: tumevuka bila ugomvi.

Nikaenda kunawa. Njia inapita mlango wa jikoni. Mirella alikuwa anachomeka mshumaa kwenye keki ndogo ya lozi. Akaniona. Akaweka kidole mdomoni, akanikonyeza.

Nilitakiwa kusema neno moja. Usiwashe. Lilikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikaingia chooni, nikanawa mikono mpaka ikawa baridi.

Niliporudi taa zilikuwa zimezimwa. Mirella akauanzia wimbo wa heri juu, kwa kifua, na watu wa meza nyingine, tusiowajua, wakaudaka. Bibi aliinama, akashika mguu wa meza, ule wa chuma, maana chuma hufukuza mkosi, hakuuachia mpaka mwisho. Baba aliimba, kisha sauti ikamkatika. Mama alifumba macho muda mrefu, akapuliza.

Ndani ya gari:

"Nani alimwambia yule mwanamke?" Bibi kauliza.

"Si mimi," kasema Baba.

"Basi ni paka."

Nikageukia dirisha.

Jumatatu, 9 Oktoba

Bibi hamsalimii Baba. Anampitia kama kabati.

Mama alikuwa anakunja nguo za kulalia kwa mkono mmoja. Nikamsaidia. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba nilimwona Mirella na mshumaa, na ningeweza kumzuia, na nilinyamaza.

Akakaa kitandani.

"Ungemzuia ningekununia. Ni mimi niliyemwomba."

Alimpigia simu Ijumaa, baada ya yale maneno ya Bibi. Nikamuuliza kwa nini. Kasema: "Nilitaka kuimbiwa." Basi. Kama mtu aliyetaka maji.

Kasema nisimwambie Bibi. Acha amnunie baba yako, amezoea. Halafu kanishika kidevu: "Alhamisi uniimbie wewe. Kwa sauti, si huku kunong'ona kwako. Niwe nimeamka, nisiwe nimeamka."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa mdomo," kasema.

"Ndiyo, Mama."

Mtu anayeitegemea Alhamisi haombi kuimbiwa Jumapili.

Jumatano, 11 Oktoba

Wameutoa uvimbe wote. Hajaamka. Daktari kasema tusubiri, kisha akatazama viatu vyake.

Bibi kamwambia Baba kwenye korido: "Ile keki yako."

Baba alikwenda kumletea kahawa, akamwekea sukari anavyoipenda. Bibi hakuigusa. Nami nilikuwa katikati yao, na nilijua, na nilifumba mdomo. Nimeahidi. Lakini mgongo wa Baba — sijawahi kuuona umepinda vile.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo ndiyo siku yenyewe. Hajaamka.

Bibi kavaa gauni la buluu la kanisani. Wanaruhusu mmoja mmoja. Akaingia wa kwanza, akatoka upesi. "Nimefika pale, heri imekataa kutoka," kasema. Akakaa kiti cha mbali na Baba.

Nikasimama mbele yake. Nikasema, kwa sauti, na watu wawili wakageuka: "Bibi, keki aliiomba Mama. Baba hakujua."

Nimevunja ahadi. Bibi aliuliza kitu kimoja tu: "Alijua hatafika?" Akahamia kiti cha karibu na Baba. Akamtoa uzi begani.

Sasa niko ndani. Daftari liko magotini. Wamemfunga kichwa chote, na midomo imepasuka. Nimesema heri, Mama. Mashine imenishinda sauti. Nimerudia kwa Kislovenia. Kope hazikucheza.

Bibi kafungua mlango kidogo na amesimama pale, ameshika kitasa cha chuma. Baba yuko nyuma yake. Muuguzi anawaambia watoke, hawatoki.

Bado wimbo. Naogopa kuumaliza na yeye yuko hivyohivyo. Mirella aliuanzia juu, kwa kifua. Nami naweka kalamu, nauanzia hapohapo —