Jua la Ijumaa kwenye Mnara wa Ikuti

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tena. Konekta chache tu leo, na mbili nimezikata nikazirudia kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Kumenya ganda la kebo, kusafisha shaba, kubana konekta kwenye ncha, kuzungushia tepu. Kazi ileile. Naipenda kuliko ninavyopenda kwenda kanisani, Mungu anisamehe.

Tepu inaanzia chini kwenda juu, kama unavyoezeka nyasi. Kila mzunguko unaulalia ule wa chini yake, maji yanateleza. Ukianzia juu umeyafungulia maji mlango. Huku Rungwe mvua ndiyo mkaguzi, na hapokei rushwa. Tone moja likiingia kwenye konekta, mawimbi yanarudi yalikotoka na mnara mzima wa simu unakuwa pambo.

Shabani amefunga saumu. Yeye ndiye mwenzangu wa chini, anashika mashine ya kupimia mimi nikiwa juu. Nilipomimina chai akanitazama. Nikahamia nyuma ya gari kama mwizi.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Zamani kuanzia Kiwira hadi Masoko fundi wa kebo nilikuwa mimi. Sasa minara imeota kama uyoga, na chini ya kila uyoga pana fundi. Mmoja wao ni Edgar, kijana wa Mbeya. Analeta kebo zilizokatwa kiwandani, konekta zake zimeshafungwa hukohuko. Yeye anachomeka, anabana kifuniko cha plastiki, anashuka. Hata kisu habebi.

Injinia wa mkandarasi amepiga simu. Mimi nimepewa mnara wa Ikuti, Edgar wa Kiwira. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Atakayetangulia kuwasha, vipimo vikiwa safi, atapewa matunzo ya minara yote ya wilaya. Mwingine kwaheri.

Kwaheri maana yake kurudi kufunga madishi ya televisheni na kugombana na watu kuhusu mpira. Nina miaka arobaini na nne. Naogopa, na inaniudhi kwamba naogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepandisha magurudumu ya kebo. Mnara uko juu ya kilima, kijiji chetu kiko chini yake. Njia pekee inapita kwenye migomba ya mzee Kasyupa, jirani yetu. Sikuwa nimemaliza kuomba, yeye ameshashika panga anaikata migomba yake mwenyewe ili tupite. Nikamwambia nitamlipa. Akacheka mpaka akakohoa.

Huyu ndiye aliyechimba kaburi la baba, yeye na wanawe, kwenye mvua kama hii. Mama ananikumbusha kila mwaka kama vile nilikuwa sijazaliwa.

Ameniuliza kama ataweza kumpigia binti yake aliyeko Dar bila kwenda kusimama kwenye njia panda ya chai, maana simu zetu zinashika pale tu. Nikamwambia Ijumaa utampigia ukiwa kitandani, mzee.

Jumatatu, 10 Machi

Ukungu. Hatukupanda.

Jumanne, 11 Machi

Nusu saa ya ukavu asubuhi, antena moja. Halafu ikamwagika. Konekta haifungwi kwenye unyevu, ukiifunga umefungia maji ndani. Nimekaa kwenye gari nikitazama kioo. Kebo za Edgar zinafungwa hata ukiwa unaogelea.

Mama amekohoa siku nzima. Miguu nayo imevimba. Jioni akaanza habari zake za mazishi. Mama anaongelea mazishi yake kama wengine wanavyoongelea harusi: nani atapika, kwaya ipi iimbe, nani asipewe kipaza sauti. Anataka azikwe hapahapa kwenye migomba. "Mnala wako utanimulika," akasema; r kwake haijawahi kutoka. Neema, mke wangu, akacheka. Mimi nilikuwa nawaza kebo.

Jumatano, 12 Machi

Mzee Kasyupa amefariki. Presha. Vilio vilianza kabla hakujapambazuka. Alikuwa hajampigia binti yake.

Kijiji chote kiko pale. Huku kwetu jirani akifa jembe linalala. Hakuna anayechuma chai, hakuna anayekwenda shambani mpaka azikwe. Hapana sheria iliyoandikwa wala faini. Ni hivyo tu.

Nimekaa na wanaume mpaka mchana. Nilipotoka kidogo hadi njia panda ya chai simu ikatetema mfukoni: injinia. Kiwira mvua imepumua kidogo, Edgar amebakiza upande mmoja wa mnara kati ya pande tatu. Nimerudi msibani, nimejisikia vibaya kwa kuhesabu antena mbele ya maiti. Nimeendelea kuhesabu.

Mazishi Ijumaa, saa nane mchana. Wanamsubiri binti wa Dar.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kuchimba. Zamu yangu nimeichimba, na zamu ya mwingine. Udongo mzito, maji yanachuruzika pembeni. Kila mara nainua macho naona mnara. Kutoka kaburini unaonekana wote, tangu miguu mpaka kilele. Nilishamwambia Neema kwamba kesho nitapanda alfajiri, nishuke mapema, nivae suti.

Ijumaa, 14 Machi

Alfajiri mvua. Saa tatu mvua. Saa tano mvua. Saa sita na nusu jua likatoka. Jua kabisa, la kukausha mahindi. Wiki nzima nimeliomba, likaja saa hiyo.

Shabani alikuwa ameshatawadha, amevaa kanzu. Nikamwambia tupande, mzee mwenyewe angetaka mnara uwake. Akasema, "Maiti haingoji, Baba Tumaini. Kebo inangoja." Nikamwambia kebo haingoji, ndiyo shida yake. Akaniwekea mashine ya kupimia chini ya mnara, akaiwasha, akaenda kuzika Mkristo kwa mwendo wa haraka, tumbo tupu. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Nilijidanganya kwamba nitafunga upande mmoja tu. Ule wa kwanza ukaenda vizuri. Mikono ilikuwa na furaha, hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Shaba inang'aa, tepu inavutika vizuri, chini kwenda juu, chini kwenda juu. Halafu nikasikia kwaya.

Nikatazama chini. Wote walikuwa pale, vitenge vyeusi na vyeupe, jeneza katikati. Na mimi juu yao na kizibao cha rangi ya chungwa, hicho wanachotuvalisha ili tuonekane kutoka mbali. Mchungaji aliinua mkono kuomba. Watu hufumba macho wakati wa sala. Hawa hawakufumba. Naziona nyuso mpaka sasa ninapoandika, nyuso ndogo ndogo zimeelekezwa juu.

Ningeweza kushuka. Kushuka ni dakika chache. Nikawaza nikishuka sasa watakuwa wameshaniona, na kazi nayo nitakuwa nimeikosa. Nikageuza mgongo nikaendelea kuzungusha tepu.

Nilishuka kazi imekwisha, wakiwa wameshafunika kaburi.

Jumamosi, 15 Machi

Vipimo safi. Hakuna wimbi linalorudi. Injinia amesema hajawahi kuona mnara uliofungwa kwa mkono ukatulia namna hii. Nimeshinda. Edgar mwenyewe amepiga: "Kaka, umenikalisha." Kebo yake moja ya kiwandani ilikuja mbovu, ikabidi arudi Mbeya kuchukua nyingine. Kijana muungwana. Nilitaka awe mshenzi.

Simu zinashika kila mahali. Mpaka chooni.

Mama ameshinda msibani. Aliporudi alipokea chakula changu kutoka kwa Neema, akaniwekea mezani mwenyewe, akasema neno moja tu la maana kutwa nzima: "Udongo uliutoa, hukuuludisha."

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Nimesalimiwa na kila mtu. Lakini wamenisalimia "fundi". Shikamoo fundi. Habari ya kazi, fundi. Mimi pale ni Baba Tumaini, tangu mtoto azaliwe. Fundi ni mtu aliyetoka Mbeya, unamlipa anaondoka.

Benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimempelekea mjane maharage na ndizi. Amepokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, fundi." Akaniambia mtandao sasa ni mzuri sana, binti akirudi Dar wataongea kila siku. Aliniambia kwa wema kabisa. Nimerudi nyumbani nikalala mchana kama mgonjwa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Nimesema nimekosa, nipigwe faini. Nilikuwa tayari kutoa hata ng'ombe. Akanipa kiti, akanipa chai. Akasema, "Hatuna neno na wewe."

Nilitaka waniite kikaoni, wanitukane, wanitoze ng'ombe, tumchinje, tule, yaishe. Mtu asiye na neno na wewe utamlipa nini?

Alhamisi, 27 Machi

Nimepewa barua ya matunzo ya wilaya. Na barua ya pili chini yake: kuanzia Aprili, minara yote itafungwa kebo za kiwandani. Kuchomeka na kubana kifuniko. Atakayezileta kutoka Mbeya ni Edgar.

Kwa hiyo nilimshinda Edgar ili niwe mchomekaji wake. Shabani ameniambia kuna majukumu mabaya zaidi duniani. Labda. Nimekiweka kisu changu kwenye sanduku, nikakitoa, nikakirudisha.

Jumamosi, 29 Machi

Msiba mwingine, upande wa pili wa mto, mama mtu mzima. Nimefika na koleo langu wa kwanza, kabla ya umande kukauka. Nikachimba. Alipokuja mwenye zamu akanigusa bega: "Pumzika, fundi." Nikapumzika. Zamu yangu nyingine haikufika. Ilipita kwa huyu na kwa yule, ikaruka pale nilipokaa. Hakuna aliyenuna. Walizungumza mpira, na mimi nikachangia.

Nimebaki mpaka mwisho. Nimefunika, nimepiga udongo kwa mgongo wa koleo mpaka mkono ukauma. Hapakuwa na mtu wa kunitazama.

Jumatano, 2 Aprili

Mama alizidiwa juzi, leo nafuu. Zamani mama akiugua nyumba hii haipitiki kwa wageni. Zamu hii amekuja mjane wa Kasyupa, peke yake, na chungu cha uji. Wakaongea Kinyakyusa kwa sauti ya chini, muda mrefu. Nilipoingia wakaacha.

Baadaye mama akaniita. Akaniuliza kwa utulivu, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Mimi nitazikwa na nani hapa?"

Nikamwambia, Mama, acha, watakuja, wewe hujakosa kitu, umezika watu wa kijiji hiki wote. Akasema ndiyo, watakuja. Watakuja kwa ajili yake, watasimama mbali, watamaliza haraka, watarudi makwao bila kula. Akasema hataki watu wapate tabu.

Anataka nimpeleke Kisiba kwa Lugano, mdogo wangu. Anataka ahamie kabisa. Akianza kuzika watu wa kule sasa, wakati bado anatembea kidogo, wataweza kumzika.

Nimekwenda nje nikalia kwenye migomba. Hasira, haya, sijui. Vyote.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempeleka. Nimeendesha polepole, tope. Godoro lake, sufuria yake, Biblia, ile kanga aliyoiweka kwa ajili ya kuvalishwa. Neema alikaa nyuma amemshika. Mama alikuwa mchangamfu, akitaja kila nyumba tuliyopita, nani alizaliwa pale na nani alizikwa pale.

Kwa Lugano alishuka akiwa ameshaanza kusalimia majirani. Kuna mzee anaumwa nyumba ya tatu, akauliza njia.

Wakati wa kuagana akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Kazi yako ni nzuli, baba. Si kazi..." Hakumaliza. Nilishukuru kwamba hakumaliza.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimechomeka kebo za Edgar, Masoko. Asubuhi moja, mnara mzima. Mtoto wa shule angeweza.

Jumapili, 13 Aprili

Mama amepiga simu asubuhi. Nilikuwa jikoni nakunywa chai. Sauti yake safi kabisa, hata pumzi yake nilikuwa naisikia, na kuku wa Lugano nyuma yake. Zamani ningekuwa nimesimama njia panda ya chai, mkono mmoja sikioni.

Yule mzee wa nyumba ya tatu amefariki, wamemzika jana. Mama amekwenda, amebebwa kwenye kiti. Watu walikuwa wengi sana, akasema, wamekula wakasaza. Wamemuuliza jina, sasa wanamjua. Alisema kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake kwa muda mrefu.

Nikamuuliza habari ya kifua. Akasema kifua kipo. Halafu akaniuliza, "Mvua vipi, huko kwenu?"

Huko kwenu. Nikamwambia bado inanyesha.