Madaftari ya Halima

Bulwa, kambi ya wachuma chai
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Usiitikie marahaba kwanza, ngoja usikie yote. Tangu mahindi yenu yalipokuwa ya kupalilia mpaka sasa yanapovunwa sijawaandikia hata mstari mmoja, na sababu si kazi wala kukosa stempu. Ni aibu. Nilikuwa naogopa maneno ya barua hii. Nisamehe, mama.

U hali gani na kifua chako? Baridi ya Magamba imekuachia kidogo? Na mgongo wa baba? Sisi tunaamka. Rehema anaota meno, kuhara kumekoma. Anashinda mgongoni kwangu tangu asubuhi mpaka mizani ya jioni majani yakipimwa, na nikiinama tu kuchuma analia kama nimemwibia kitu. Baba yake yuko palepale kiwandani, anawasalimu.

Sasa wewe Halima unayemsomea mama. Nakujua mdogo wangu, ukifika pabaya unaruka, unasema, "Hapa anasalimu tu." Leo usiruke. Soma kwa sauti, maana pabaya pa leo ni pako.

Mama, jina la Halima lilipotoka kwenda sekondari, mimi ndiye niliyesema, "Mambo ya vifaa niachieni." Maduka ya Lushoto hayakuwa na madaftari, na huku duka la ushirika lilikuwa limepata. Nikapanga foleni na mtoto mgongoni, nikapata yote kumi na mawili, na mkebe wa hesabu, na kalamu ya wino. Mpaka hapo sina kosa.

Wiki ile ile akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Akasema, "Wewe una la saba, na wenzako wanachovya dole gumba siku ya mshahara. Utawafundisha kisomo saa kumi, baada ya mizani." Madaftari yangetoka wilayani. Hayakutoka. Akina mama tisa wakawa wanaandika chini kwa vijiti, na mvua ya huku unaijua, haingoji mtu amalize neno. Siku ya tatu nikaenda ndani nikachukua madaftari ya Halima, nikamgawia kila mmoja la kwake. Nilijiambia nitayarudisha yakija ya wilaya. Mpaka leo hakuna lililokuja.

Ningesema ni huruma, ningekuwa nasema nusu. Nilipenda kuitwa mwalimu. Mimi ambaye jina langu halikutoka mwaka wangu, nikasimama mbele ya watu wenye madaftari mikononi, hata wa umri wako wananiita mwalimu. Nikasahau yale madaftari ni ya nani. Hapana, sikusahau. Na yule mama wa Lushoto aliyepita kwenu na salamu zangu, nilipomtuma aseme "vyote viko tayari", yalikuwa yamebaki matatu.

Hapo jirani yangu ana binti yuko kidato cha pili, alikuja likizo. Nikamwuliza mambo ya huko. Akasema, "Langoni wanafungua sanduku, wanashika orodha. Kikikosekana kitu unarudi nyumbani na sanduku lako." Na tena kila somo lina mwalimu wake, kengele ikilia anatoka huyu anaingia mwingine, na ukitoa daftari la somo lingine unasimama kipindi kizima. Nikakimbilia dukani. Mwuzaji akacheka: "Madaftari? Dada, hata kiberiti sina."

Basi nikaenda darasani nikawaambia ukweli. Mama Sikudhani, mkubwa kuliko wote, akafungua daftari lake, ukurasa mzima jina lake limeshuka kama ngazi. Akasema, "Mwalimu, umekuja kunivua nguo niliyokwisha vaa?"

Mwingine akadakia, "Amekuja kurudisha a, e, i, o, u dukani!" Wakacheka, mimi machozi yananitoka.

Mama Sikudhani akasema, "Acha kulia, wewe. Mkono wangu unachoka kurasa mbili tu, hizi nyingine nazifanyia nini? Lete kisu." Akakunjua pini za katikati, akatoa karatasi nyeupe za ndani, akazirudisha pini. Wenzake wakafanya hivyo hivyo. Mmoja alikataa, akasema alichopewa hakigawanywi. Sikumlaumu, ana haki.

Karatasi hizo nimezishona madaftari matano manene, majalada ni ya mfuko wa saruji. Halima, sikiliza vizuri: uzi mwekundu ni Hesabu, wa kijani Siasa, wa buluu Kiswahili, mweusi Kiingereza, mweupe Historia. Utalijua la kutoa hata kengele ikikukuta sandukuni. Ratiba ibandike ndani ya kifuniko, na kila jioni upange ya kesho kabla hujaenda kula. Usimwazimishe mtu mkebe wako. Nakwambia mimi niliyeazimisha visivyo vyangu. Wenzako watakuwa na mapya ya dukani, na najua utainamisha kichwa. Kosa ni langu, kichwa usikiinamishe wewe.

Siku yako ya safari nitakungoja stendi ya Korogwe nikiwa na mzigo. Nimeshaomba ruhusa kwa nyapara.

Nisalimie baba, na bibi pale jikoni kwake, na mjomba Saidi fundi wa mipini, na shangazi anayekuuzia viazi sokoni. Mwambieni pia mwalimu anayetupokelea barua kuwa namshukuru.

Ni mimi mwanao unayeweza kunigombeza,
Zaina

Ninavyohitaji mnitumie, na shule inakaribia kufunguliwa:

Uzi uliopimwa kwenye wayo wa Halima, fundo kwenye kisigino na fundo kwenye kidole gumba. Apime amesimama, akiketi mguu unadanganya, na viatu vyeusi vya kamba vimebaki jozi chache.

Madaftari yake ya la saba, yote, hata yaliyochafuka. Matatu yaliyobaki na haya matano ni manane, bado napungukiwa manne. Nitatoa kurasa nyeupe nishone.

Uzi wa njano na wa zambarau, madonge mawili, huku sipati.

Mpini mmoja wa jembe kwa mjomba, mwepesi, wa kimo cha msichana. Orodha inataka jembe lenye mpini, na jembe ninalo.

Na jibu la Halima. Akiwa amekasirika asizuie uzi wa mguu. Hasira aitie katika bahasha hiyo hiyo, stempu ni ile ile.