Gata ya Upande wa Tangi

Jumatatu, 29 Septemba

Kisimani mara mbili kabla ya shule. Mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kamba inaacha alama. Darasani nimekaa nyuma na kuinamisha kichwa mpaka ikafutika, karibu saa nne. Hakuna aliyeuliza. Sipendi wakiniuliza. Sipendi wasiponiuliza.

Tangi letu liko nyuma ya jikoni. Lita elfu tano. Jeusi, zuri, kavu. Gata ya upande wake, ule mfereji wa bati unaoleta maji ya mvua, ilianguka Agosti kwa upepo, ubao ulioishikilia ulikuwa umeoza. Ncha moja bado iko juu, nyingine imegusa chini. Kuku wanaipanda kama daraja.

Baba amesema atatengeneza Jumamosi. Amesema hivyo Jumamosi sita.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Baba ni mwalimu wa Kiingereza. Akiokota daftari la Kiingereza mahali popote anatoa kalamu nyekundu. Kimbeere ni cha nyanya yangu, Cucu, Kimeru ni cha Mama. Kiswahili ni changu peke yangu katika nyumba hii.

Jumamosi, 4 Oktoba

Baba alivaa suruali kuukuu. Nikapata matumaini, mjinga mimi. Akasimama chini ya gata, mikono kiunoni, akaiangalia kwa muda mrefu kama mtu anayesoma. Kisha Mchungaji akapiga simu. Kanisa linataka kuazima ngazi yetu, kufungia spika. Baba akaibeba mwenyewe begani, mbio. Sijawahi kumwona akibeba kitu kwa haraka hivyo.

Aliporudi Mama alikuwa anachambua ndengu. Akamwambia basi aitwe fundi Nyaga kutoka sokoni, saa moja tu atakuwa amemaliza. Baba akasema, "Mwanamume mzima aitiwe mwanamume mwenzake kufunga gata? Soko zima la Gachoka licheke?"

Mama akasema kama ni hivyo, ngazi ikirudi atapanda mwenyewe. Mama anajua kazi hizi. Baba yake kule Nkubu alimfundisha kupiga msumari kabla hajamfundisha kusali. Lakini Cucu, mamake Baba, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni pa nyumba yake, na masikio ya Cucu hayajazeeka. Hata hakuinua macho. "Mwanamke hapandi juu ya nyumba bwanake akiwa hai. Ni kumwitia kifo."

Kwa hivyo Baba hapandi kwa sababu ni Jumamosi ijayo. Fundi hapandi kwa sababu ya aibu. Mama hapandi kwa sababu ya mwiko. Na mimi nabeba mtungi.

Jumapili, 5 Oktoba

Tangazo kanisani. Jumamosi ijayo ni semina ya ndoa. Mwalimu atafundisha somo, "Mume, Nguzo ya Nyumba." Mwalimu ni Baba. Watu walipiga makofi. Mama alipiga makofi matatu, nikasikia kila moja peke yake.

Kuna kikapu mlangoni cha maswali. Unaandika bila jina.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu upande wa mlima tangu mchana.

Jirani yetu Baba Njeru alikuwa juu ya mabati yake akikaza gata. Mkewe chini, anampa misumari. Nilikuwa naanua nguo nikawasikia.

"Wewe, hiyo nyundo unaishika kama mwiko wa ugali."

"Na wewe misumari unanipa mmoja mmoja kama ni dawa. Leta mkono mzima."

Wakacheka. Nilisimama na nguo mkononi kama mwizi. Si nyundo niliyoionea wivu. Ni ule ugomvi. Kwetu hakuna ugomvi wa namna hiyo. Kwetu kuna Jumamosi.

Nikaenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nikararua karatasi katikati ya daftari la hesabu, nikaandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane. "Mume ambaye gata ya nyumba yake imelala chini tangu Agosti, na mkewe anabeba maji mgongoni, anaweza kufundisha wengine habari ya nguzo?" Nikaikunja mara nne. Nikaitia kikapuni.

Mimi. Ambaye sijasema neno mbele ya kanisa tangu darasa la pili, niliposahau shairi la Krismasi nikalia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Imesomwa.

Vijana tulikuwa wa kugawa chai. Nilikuwa kando ya ukuta na birika. Mchungaji alichomoa karatasi moja moja, akisoma kabla ya kufikiri. Alipofika kwenye "Agosti" sauti ikapungua. Alikuwa ameshachelewa kuacha. Kanisa lote linapita mbele ya nyumba yetu likienda sokoni. Hakuna asiyeijua ile gata.

Kisha Baba Njeru akacheka nyuma, halafu benchi lake, halafu mengine. Nikammiminia mama mmoja chai kwenye kisahani.

Baba alianza kujibu kwa Kiingereza. Akaacha. Akasema, "Ndoa si misumari." Hakuna aliyeandika hilo kwenye daftari. Mama aliangalia Biblia yake, na ilikuwa imefungwa.

Njiani Baba alitangulia. Jikoni akamwambia Mama, "Umenivua nguo mbele ya kanisa."

Mama akasema, "Kama ningeandika ningeweka jina langu."

Baba hakuamini. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa na neno moja la kusema, "mimi." Sikulisema. Nimejiita mwoga mara nyingi kwa aibu yangu ya kuongea na watu, lakini hiyo ni haya tu. Huu wa leo ndio uoga wenyewe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wanaongea kupitia kwangu.

"Mwambie baba yako chakula kiko mezani."

"Mwambie mama yako nimeshiba."

Wote wako mezani. Umbali ni sahani mbili.

Ngazi bado iko kanisani. Baba anaona haya kuifuata. Kwa hivyo nilichofanya na karatasi yangu ni kumfungia ngazi kanisani na kumbebesha Mama kosa ambalo si lake. Hongera Wawira.

Bado nina hasira na Baba lakini. Naandika hapa ili nisijidanganye kwamba majuto yameimaliza.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Saa tisa na nusu, nikiwa ndio nimetoka shule. Ilianguka kwa saa nzima kama imelipiwa.

Maji yote ya bati la nyuma yalishuka mahali gata inapokosekana. Yakachimba. Yakang'oa miche ya sukuma ambayo Mama alipanda wiki iliyopita. Tuliweka beseni, karai, sufuria, ndoo ya kuogea. Zinajaa kwa dakika moja kisha ni kuangalia tu. Mama alisimama kwenye ile mvua, sufuria kila mkono, leso imemganda. Tangi liko hatua tatu kutoka kwake. Kavu.

Baba alifika amelowa. Akapita. Akaingia kubadilisha soksi.

Soksi.

Mama akamfuata mpaka mlangoni, akamwambia yeye mwenyewe, bila kunipitia mimi, kwamba mvua ya pili ikimkuta hivi anaenda kwao Nkubu. "Kwetu maji ya mvua yanajua njia ya tangi."

Nilifikiri ni maneno. Jioni niliona begi kitandani. Leso mbili, Biblia, na cheti chake cha shule ndani ya bahasha. Mtu anayeenda kusalimia watu habebi cheti.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilijaribu kumwambia Baba. Nilisimama mlangoni pa sebule. Alikuwa anasahihisha insha za Kidato cha Pili. Akauliza nataka nini. Nikasema kalamu. Akanipa kalamu. Nikaenda.

Nikaitumia hiyo kalamu. Niliandika kwamba karatasi ya kikapuni ni yangu, Mama hakujua lolote, na kwamba Mama anaondoka kweli, cheti kiko kwenye begi. Nikaomba msamaha kwa kumwaibisha. Sikuomba msamaha kwa swali. Alipotoka kuosha mikono nikaipenyeza katikati ya zile insha.

Sasa nasubiri.

Alhamisi, 16 Oktoba

Karatasi ilikuwa ndani ya kitabu changu cha Fizikia asubuhi. Ameisahihisha. Kwa kalamu nyekundu ameniwekea nukta moja niliyosahau. Chini yake ameandika kwa Kiswahili, ambacho haandiki kamwe:

"Umesema ukweli, na mimi nikwambie wangu. Sijui kufanya. Nikifika hatua ya tatu ya ngazi miguu inatetemeka na macho yanaona giza. Ni tangu utotoni. Babu yako alisema mikono yangu ni ya kalamu, nikafurahi, kwa sababu kalamu haipandi mahali. Usimwambie mama yako."

Niliisoma mara tatu chooni shuleni. Mara ya kwanza nilimhurumia. Mara ya pili pia. Ya tatu nikafika kwenye sentensi ya mwisho nikaisoma polepole, na hasira ikarudi kubwa kuliko mwanzo. Miaka kumi na saba ya ndoa. Yuko tayari Mama apande gari aende Nkubu na cheti chake, mradi asijue kwamba mume wake anaogopa ngazi.

Usimwambie mama yako. Na mtungi nibebe mimi, na siri nibebe mimi.

Sikumwambia Mama. Niliweka karatasi ndani ya begi, juu ya bahasha ya cheti.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama aliipata. Nilikuwa napepeta mchele. Nilisikia Mama akicheka peke yake chumbani. Kisha akaacha. Akaja jikoni, akaweka sufuria mekoni kwa nguvu mpaka kifuniko kikaruka.

"Miaka yote hii," akasema, si kwangu, kwa sufuria. "Nikifikiri ananidharau. Kumbe anaogopa ngazi."

Akaenda sebuleni kwa Baba, akafunga mlango. Nilisikia swali moja tu. "Kwa nini hukusema?"

Baadaye kidogo wakatoka. Wakaenda kanisani kuchukua ngazi. Walirudi nayo, Baba mbele, Mama nyuma, kila mtu na ncha yake. Hawakuongea. Lakini hatua zilikuwa sawa, huwezi kubeba ngazi na mtu kama hatua haziko sawa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo ilichaguliwa na Baba, kabla majirani hawajaamka. Nimeiandika ili nisiisahau, kwa sababu iliniudhi na bado inaniudhi.

Mama alivaa ile suruali kuukuu ya Baba. Alikuwa amekata ubao kutoka kwenye kitanda cha zamani. Mimi wa misumari na waya. Baba akashika ngazi kwa mikono miwili, miguu ameitanua, macho ameyafumba.

Mama akaweka mguu kwenye hatua ya kwanza, na sauti ya Cucu ikatoka nyuma ya mlango wake uliofungwa.

"Hiyo ngazi imeshikwa na nani?"

Mama akarudisha mguu chini.

"Na mimi, Mami," Baba akasema.

Cucu akajibu. "Basi mwenye nyumba ndiye amepanda. Mimi bado nimelala."

Mama akapanda. Alipiga msumari wa kwanza mara nne, safi. Akaangalia chini.

"Mwalimu, unashika ngazi ama unaomba?"

"Yote mawili."

Nilicheka. Nilitaka kubaki na hasira angalau mpaka ubao wa pili, nikashindwa. Jasho lilimtiririka Baba shingoni na hakuna jua. Ngazi haikusogea hata kidogo. Hilo namkubalia.

Jua lilipopanda juu ya bati gata ilikuwa imesimama. Cucu akafungua mlango, akaitazama, akasema ameota mtu anapiga nyundo.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya ibada Baba Njeru alitungoja nje langoni, mikono mfukoni, uso wa mtu mwenye neno.

"Mwalimu, naona gata imesimama. Fundi ni nani?"

Watu walikuwa karibu. Nikamwangalia Baba. Nilijiambia akidanganya sitamsamehe mpaka niolewe.

Baba akaangalia viatu vyake.

"Ni Mama Wawira," akasema. "Mimi nilishika ngazi."

Alisema chinichini. Angeweza kusema kwa ile sauti yake ya semina, na hakufanya hivyo. Lakini alisema. Baba Njeru akacheka, si kwa muda mrefu, kwa sababu mkewe alimuuliza yeye amemshikia ngazi mara ngapi. Mama akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, ambacho kilikuwa sawa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua tangu adhuhuri. Ya polepole.

Cheti kimerudi kabatini. Begi liko juu ya kabati, tupu, zipu wazi.

Baba anasahihisha. Mama amekaa mlangoni anachambua ndengu. Hawaongei sana. Wakiongea hawanipitii.

Leo sikwenda kisimani. Paji la uso halina alama, na hakuna aliyeuliza, na ni sawa.

Mvua ilipopungua nilitoka nikaligonga tangi kwa kidole, kutoka juu kushuka. Juu linalia. Chini, kwenye maji, limenyamaza. Limenyamaza mpaka kiunoni kwangu.