Kanisa Lililoelekea Kibla

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini ni wewe uliyenikataza kuanza neno lolote kabla ya salamu.

Tumeletewa padri mpya hapa Mkange. Anaandika historia ya kanisa letu, na swali la kwanza aliloniuliza ndilo nililoliogopa: kwa nini linatazama kaskazini, na si mashariki kama mengine? Padri wa zamani ulimwambia ni kwa sababu ya mteremko. Baba, mteremko gani? Pale ni tambarare kama meza!

Mimi nilikuwepo, msichana mdogo nikikanda udongo, Waingereza ndiyo kwanza wameingia. Wewe ulikuwa mwalimu wa dini bila kanisa, na rafiki yako Fundi Shomari alikuwa amejenga misikiti maisha yake yote. Mikono ikafuata ilichozoea, ikaelekeza kanisa kibla, huko kaskazini. Kuta zilikuwa zimefika kifuani ndipo akashtuka, akashika kichwa, akataka kubomoa. Ukamwambia, "Acha, Shomari. Kwani Mungu ana kisogo?" Mkacheka hadi mkakaa chini. Kisha ukanigeukia: "Na wewe hukuona kitu."

Basi sikuona kitu, miaka yote hii. Sasa ilinipasa niandikishe uongo wako kitabuni, au nimwaibishe mzee wa watu uzeeni. Nilikukasirikia, Baba. Nililia kwa hasira. Mwisho nikaenda kwa Fundi mwenyewe.

Macho yake yamefifia sana. Alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, baba yako alinisitiri nilipokosea. Leo aitwe mwongo kwa ajili yangu, nami nipo hai?" Akachukua bakora, tukaenda kwa Padri, akasema kosa ni lake. Padri alitoka nje akalitazama kanisa kwa muda. Halafu akarudi akaandika yote, na jina la Shomari akaliandika.

Jana Fundi alikuja kulijengea kaburi lako, akakataa kusaidiwa. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza aliniuliza mara tatu mashariki ni wapi. Mara ya tatu nilimshika mkono, nikaunyoosha kule jua linakotokea.

Buriani, Baba. Nitalifagia kanisa kila Jumamosi, na nikipiga magoti nitatazama kulekule mlikokosea pamoja.

Binti yako,
Magdalena