Besi Aliyoipenda Yaya

Yaya Kasereka, kaka yangu mkubwa, popote ulipo,

Sijui nimpe nani barua hii akuletee, kwa hiyo naiandika wazi, aisome anayetaka. Labda mmoja wa watakaoisoma amekuona.

Kwa mambo ya sauti ulikuwa na kichwa kigumu. Katika kibanda chetu cha kunakili kaseti pale Mususa tulikuwa na kaske moja tu ya kuvaa masikioni, na kila tulipobadilishana zamu tuligombana. Mimi nilipenda sauti nyembamba, nisikie vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi, nisikie mwimbaji akivuta pumzi. Wewe ulikuja nyuma yangu, ukainamia egalizeri, kile kisanduku chenye vijiti saba vya kusogeza ambacho kila sauti ilipitia kabla ya kunakiliwa, ukapandisha viwili vya kushoto, vya besi ile nzito, mpaka mwisho na kushusha vyote vya kulia, vya sauti nyembamba.

"Masika, hii yako ni muziki ya mbu," ulisema. "Muziki bila besi haina tumbo."

"Na yako ni ya kutwanga majani ya sombe, yaya! Maneno iko wapi?"

Ulicheka, ukanivalisha kaske kwa nguvu. Nilikukasirikia kweli. Leo ningekuachia kaske hiyo mwaka mzima na nisiseme neno.

Vita hivi vya pili vilipotukatia barabara, kaseti mpya ziliadimika. Ukasema unaenda Beni kuzitafuta, siku tatu tu. Tangu uondoke sikugusa vijiti vyako. Wateja walilalamika, nikawajibu kwamba fundi ndivyo alivyoviacha, asiyependa aende kwingine.

Wiki ya tano, Mwislamu mmoja wa Beni anayesafirisha chumvi akanikabidhi kaseti. Alisema ulimpa sokoni, watu wakikimbia, kisha ukapanda lori. La kwenda wapi, hakujua.

"Ameniambia kila kitu iko ndani," alisema. "Mama yenu asikilize, atajua ako fasi gani."

Unaijua sheria ya nyumbani kwetu: ujumbe wa mama hausikilizwi kwanza na mtoto. Hata barua zake za karatasi tulimpelekea zikiwa zimefungwa. Na unaijua desturi ya kibanda, maana uliianzisha wewe: barua ya sauti inahamishiwa kwenye kaseti kuukuu, kaseti nzuri inabaki ya kazi. Yako ilikuwa mpya kabisa. Niliiweka, nikabonyeza kitufe cha kunakili, kisha nikavua kaske kwa heshima, nikakaa nikitazama kaseti zikizunguka. Nilijiona mtoto mwenye adabu. Alasiri hiyohiyo nikarekodi nyimbo za harusi ya mteja juu ya sauti yako.

Jioni tukaketi na mama kusikiliza ile kaseti kuukuu. Ikatoka ngurumo. Sauti ilikuwa yako, lakini kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Neno "mama" tulilisikia. Mengine yote, ulikokwenda, uko na nani, tukufuate au tusubiri, yalizama ndani ya besi uliyoipenda, ambayo mimi mpumbavu sikuishusha.

Mama akaweka mkono kifuani. "Sikia vile sauti yake imekuwa muzito," alisema. "Mwana yangu ako mugonjwa ya kifua."

Sikumwambia ukweli. Yaya, mpaka leo sijamwambia, na kila siku ninayonyamaza inaifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Anakuombea misa kwa ajili ya mapafu yako. Anakukaushia majani ya dawa, amejaza kopo zima. Nami nawauliza madereva wanaotoka Lubero na Kanyabayonga, nao wananiuliza swali moja tu: alielekea wapi? Jibu nilikuwa nalo mkononi, nikalifuta. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Niliweka tena ile kaseti kuukuu, nikavishusha vijiti vya kushoto kimoja kimoja, nikapandisha vya kulia mpaka mwisho. Kibanda kikajaa mlio kama wa mchanga unaomwagwa kwenye bati. Maneno hayakuja. Lakini ulikuja wewe: pumzi yako, na ule ulimi unaougonga kabla hujacheka. Nililia kwa sauti. Nikakimbia kumwita mama, nikamvalisha kaske.

Alisikiliza kidogo tu, akaivua, akaniangalia kama niliyemtukana.

"Huyu hapana Kasereka," alisema. "Nirudishie mwana yangu."

Nikavirudisha vijiti. Akafumba macho, akawa anaitikia ile ngurumo kwa kichwa, taratibu, akitabasamu. Huyo ndiye mtoto aliye naye sasa, na nimemtengeneza mimi.

Nimechoka, yaya. Zamani nilikuwa naogopa kwamba hutarudi. Sasa naogopa na hili pia: kwamba utarudi, utasimama nje na kumwita mama, naye ataniuliza ni nani huyo.

Mungu akulinde huko nisikokujua.

Mdogo wako aliyevua kaske,
Masika